Wahini mahakamani kabla mhamiaji hajasema "ni kweli"

Nchini Tanzania, barabara inayoteremka kutoka Babati na Kondoa, ikapita Dodoma hadi Iringa, ni mojawapo ya njia za Waethiopia wanaoelekea Afrika Kusini. Juni 2012 zaidi ya 40 kati yao walikosa hewa ndani ya lori wakafa, miili ikatupwa porini wilayani Kongwa. Wanaokamatwa hai hupandishwa kizimbani, na hapo ndipo mawakili na wanaharakati huchelewa.

Shtaka la kuingia nchini kinyume cha sheria linasomwa, mkalimani ananong'ona, kijana anatikisa kichwa, hakimu anaandika "ni kweli". Basi. Aliyetiwa hatiani kwa kukiri hukata rufaa dhidi ya adhabu tu, isipokuwa aonyeshe kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na utata. Kwa hiyo mwanaharakati mmoja awepo mahakamani na daftari, aandike lugha iliyotumika na majibu yalivyotoka. Wengi wa vijana hawa ni wa Hadiya na Kembata, kusini mwa Ethiopia, na Kiamhari kwao ni cha shuleni, tena kwa aliyesoma. Msimuulize "unajua Kiamhari?" maana atasema ndiyo kwa woga. Muulizeni mama yake humwita kwa lugha gani.

Kwa anayekimbia mateso, Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa siku 7 tangu aingie nchini aripoti kwa ofisa mwenye mamlaka, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani (kwa kawaida hakimu wa mahakama ya mwanzo). Watendaji wa vijiji vya kando ya barabara ndio wa kuelimishwa kwanza: watoe barua yenye tarehe na muhuri. Bila hiyo, siku 7 hazithibitiki. Asiyekimbia mateso asitungiwe hadithi. Hadithi moja ikibainika ni ya uongo, wenzake nao hawaaminiki. Akionekana hajafika miaka 18, aitwe ofisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo.

Msaidizi wa kisheria (aliyefunzwa sheria lakini si wakili), kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, hata "kidogo tu". Wakili naye asigeuke mwenyekiti wa kikundi cha wanaharakati.

Picha zao zisiingie WhatsApp. Msipige simu ubalozini kabla ya kujua kama mtu anaikimbia serikali yake. Msiwapakie garini kwa huruma, mtashtakiwa kwa kusafirisha wahamiaji haramu.

Hukumu ya mahakama ya wilaya ikitoka, notisi ya rufaa ni ndani ya siku 10. Aliye gerezani huitoa kupitia mkuu wa gereza, kwa hiyo mtu aende kumwona ndani ya wiki ya kwanza, na mkalimani wa lugha ya mama yake.