Swali Linapogeuka Taarifa: Kwa Wanaoanza Kidato cha Kwanza

Ninyi mliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa mnaingia sekondari, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, mtakutana mapema na maswali na kauli taarifa, yaani kueleza alichosema mtu bila kunukuu maneno yake yenyewe. Nimesahihisha madaftari kwa miaka mingi, na ningependa mjue mapema ni wapi wengi hukwama.

Kwetu "Unakaa Tanga" huwa swali kwa kupandisha sauti tu, wala hakuna neno linalohama. Katika swali la Kiingereza, kwa kawaida kitenzi kisaidizi (kama "is" au "can") hutangulia kiima, yaani anayetajwa kuwa mtenda, na kisipokuwepo huletwa "do", "does" au "did". Neno hilo ndilo linalobeba wakati, kwa hiyo kitenzi kikuu hurudi katika umbo lake la asili: "Did you go?", wala si "Did you went?", ambapo wakati uliopita umetajwa mara mbili. Pale "who" inapokuwa kiima chenyewe, kisaidizi hicho hakihitajiki: "Who came?"

Ugumu wenyewe huja swali hilo linaporipotiwa. Mwanafunzi aliyejitahidi kujifunza mpangilio wa maswali huandika "She asked me where did I live", na kosa hili nimeliona zaidi kwa wenye bidii, kwa sababu wanaitii kanuni mahali ambapo imekwisha kazi yake. Hapo hakuna anayeulizwa tena, swali limekuwa sehemu ya taarifa, kwa hiyo "did" huondoka, kiima hutangulia kitenzi, na alama ya kuuliza haiwekwi: "She asked me where I lived." Kama jibu la swali ni ndiyo au hapana, tumia "if" au "whether", ambayo hufanya kazi ileile ya "kama" katika "aliniuliza kama nimekula": "He asked me if I had eaten."

Angalieni pia wakati. Sisi husema "Juma alisema anaumwa", na "anaumwa" haibadiliki kwa sababu tunaihesabu tangu Juma aliposema. Kiingereza huhesabu tangu anaporipoti msimulizi: "Juma said he was ill." Hiyo "was" haimaanishi kwamba Juma amepona, jambo ambalo wanafunzi wangu wengi wamelielewa vibaya. Ukweli unaodumu unaweza kubaki katika wakati uliopo: "The teacher said that the earth goes round the sun."

Na kwa kuwa "aliniambia" kwetu ni neno moja, msilitafsiri kwa "he said me". Andikeni "he told me".

Kila jioni andikeni maswali matano mliyoulizwa siku hiyo, nyumbani au dukani, kisha chini ya kila moja andikeni taarifa yake. Mkimaliza, someni kwa sauti na mkate kila "do", "does" na "did" iliyosalia mbele ya kiima ndani ya taarifa hizo.