Uji mzito, kijiko kimoja cha kimea

Mwanangu wa pili alipofika miezi minane, mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki ulilala. Sikuelewa. Alikuwa ananyonya, na uji nilimpa mara nne kwa siku, anaumaliza wote. Mama mkwe alipokuja kwetu Igoma akitokea Magu, alichota uji ule, akauacha utiririke kwenye kijiko, akaniambia, "Mwanangu, huyu unamnywesha maji."

Iliniuma, lakini alisema kweli. Unga wa uji kwa sehemu kubwa ni wanga, yaani minyororo mirefu ya sukari iitwayo glukosi. Ukiupika, chembe za wanga hufyonza maji, zikavimba na kupasuka, uji ukakaza. Mtoto hawezi kuumeza, basi tunaongeza maji. Na tumbo lake hubeba takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 7 anashiba kwa mililita 210. Wangu alikuwa anashiba maji.

Mama mkwe alikuwa na kimea cha ulezi, yaani unga wa ulezi uliooteshwa na kukaushwa, kwenye mfuko wake. Akanipikisha uji mzito, mwiko unasimama. Akauepua, akangoja kidogo, akatia kijiko cha chai cha kimea, akakoroga. Dakika chache tu ukalegea, bila kuongeza hata tone la maji.

Mbegu inapoota hutengeneza kimeng'enya (kichocheo cha kikemia) kinachoitwa amilesi, ili ikate akiba yake ya wanga iwe sukari ya kulisha mche. Ndicho kilichokata minyororo ya wanga kwenye uji wangu. Mwaka 1833, huko Ufaransa, Anselme Payen na Jean-François Persoz walikitoa kwenye kimea cha shayiri, kikawa kimeng'enya cha kwanza kutenganishwa. Hata mate yetu yana amilesi: tafuna tonge la ugali mkavu polepole bila kumeza, utaonja utamu. Kongosho nalo hutoa amilesi yake, kisha kwenye utumbo mwembamba kimeng'enya kingine, maltesi, hukata maltosi, sukari inayobaki wanga ukishakatwa, iwe glukosi inayoingia kwenye damu. Kongosho la mtoto mchanga hutoa amilesi kidogo mno, ndiyo sababu mojawapo ya kutoharakisha uji kabla ya miezi sita.

Kutengeneza kimea si kazi. Loweka ulezi usiku kucha, umwage maji, utandaze kwenye kitambaa safi na kuunyunyizia maji siku mbili tatu hadi uote. Anika juani ukauke kabisa, sugua vichipukizi vitoke, saga. Ukiona ukungu, tupa wote, usichambue. Ukitumia mtama, vichipukizi usiviache hata kimoja, maana vina sumu ya sianidi.

Pale nilipokosea mwanzoni ni kwenye joto. Nilitia kimea uji ukiwa unatokota, haukulegea. Amilesi ni protini, mchemko unaiharibu. Ukipoa kabisa nao inafanya kazi kivivu. Ngoja uache kutokota, ufike kama nyuzi 65 hivi, ukoroge, ukishalegea urudishe jikoni uchemke tena, kwa sababu nafaka iliyooteshwa hubeba vijidudu.

Kimea hulegeza tu, hakileti protini. Mimi naongeza karanga zilizosagwa au dagaa wa soko la Mwaloni waliooshwa mchanga, wakakaangwa bila mafuta na kusagwa laini. Na mtoto akiharisha au akikataa ziwa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.