Alama moja imenifungia mashine

SWALI: Nimehariri /etc/rc.conf (faili la mipangilio ya kuwasha mashine) kwenye mfumo endeshi wa FreeBSD ili sshd (huduma ya kuingia kwenye mashine kwa mbali) iwake yenyewe. Nilipowasha upya, ikaandika "Unterminated quoted string", kisha inaniomba njia ya sheli (programu inayopokea amri). Nikijaribu kusahihisha faili, haikubali kuhifadhi. Je, nisakinishe upya?

JIBU: Usisakinishe chochote! Faili hilo husomwa na sheli yenyewe, kwa hiyo alama moja ya kunukuu isiyofungwa inatosha kuisimamisha mashine njiani. Nami yalinikuta, tena usiku wa manane: niliandika sshd_enable="YES nikaenda kulala nikijisifu.

Bonyeza Enter upate /bin/sh. Faili halihifadhiki kwa sababu katika hali hiyo mzizi (/, saraka kuu) umepachikwa, yaani umeunganishwa, kwa kusoma tu. Kama diski yako inatumia mfumo wa faili wa UFS, andika:

mount -u /
mount -a

Amri ya kwanza inaufungua mzizi uandikike, ya pili inapachika sehemu zilizobaki. Wenye ZFS (mfumo mwingine wa faili) huanza na zfs set readonly=off na jina la bwawa lao la hifadhi (pool), halafu zfs mount -a. Sasa fungua faili kwa kihariri cha vi, funga nukuu, hifadhi. Kabla ya kuandika reboot, pima kwa sh -n /etc/rc.conf. Ikinyamaza, sintaksia iko sawa.

Siku hizi sigusi faili hilo kwa mkono. Naandika sysrc sshd_enable=YES, yenyewe inaweka nukuu zake.