Malengo, watu wa kujifunza kwao na kazi za kikundi: jibu kwa anayeanza usanifu wa grafiki

Mwenzetu anayeanza mwaka wa kwanza wa usanifu wa grafiki ameuliza mambo matatu kwa pamoja: ajiwekee malengo gani, ajifunze kwa wasanifu gani waliotangulia, na kama kuna namna ya kukwepa kazi za kikundi, ambazo anaona zinamchelewesha. Ameongeza kwamba lengo lake hadi sasa ni kuwa na mtindo wake mwenyewe, ambao mtu akiuona tu atajua kazi ni ya nani. Mimi niko mwaka wa mwisho wa masomo hayohayo, na nitaanza na hilo la mtindo, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote.

Mtindo si lengo baya, ila humtazama msanifu, ilhali sehemu kubwa ya kazi zetu hutazamwa na mtu mwenye haraka ambaye hata hajui kwamba kuna msanifu. Lengo nililojiwekea ni kufanya kazi upande wa habari: ramani, fomu, vibao vya maelekezo, chati na vijitabu vya maelezo. Nililichagua kwa kuwa upande huu kazi hupimika. Bango la tamasha likipendwa na nusu ya darasa na kuchukiwa na nusu nyingine, hakuna anayejua kama limefaulu. Lakini kibao cha kumwelekeza mtu mlangoni ama kimemfikisha ama hakikumfikisha. Lengo la namna hii humwonyesha mwanafunzi aanzie wapi, nami nilianzia kwenye herufi na nafasi baina yake, gridi (mistari ya kupangia vitu kwenye ukurasa), tofauti ya rangi za skrini na rangi za wino, na hesabu kidogo. Programu za kompyuta mtu hujifunza njiani, na kwa kuwa hubadilika kila mara sioni haja ya kuzifanya lengo.

Kuhusu wa kujifunza kwao, chunguza uamuzi mmojammoja walioufanya badala ya kukusanya picha za kazi zao. Harry Beck alikuwa mchoraji wa michoro ya kiufundi. Mwaka 1931 alichora ramani ya reli za chini ya ardhi za London kwa mistari ya wima, ya mlalo na ya nyuzi 45 peke yake, akauacha kabisa umbali halisi baina ya vituo. Mwanzoni ilikataliwa, kisha mwaka 1933 ikachapishwa na abiria wakaipokea vizuri, kwa sababu mtu aliye chini ya ardhi anachotaka kujua ni ashuke wapi na abadilishe treni wapi. Ramani ya reli ya New York ya mwaka 1972, iliyosanifiwa na Massimo Vignelli, ilifuata kanuni zinazokaribiana na hizo, lakini baada ya malalamiko mengi iliondolewa mwaka 1979. Central Park, ambayo ni bustani ndefu, ilionekana humo kama mraba, tena wa kijivu. Wakazi waliokuwa na mpangilio wa mitaa yao kichwani hawakuweza kuulinganisha na walichokiona kwenye karatasi. Nakiri kwamba kwa sura yake tu naipenda ramani ya Vignelli kuliko nyingine yoyote, na kwa sababu hiyohiyo naisoma kwa tahadhari. Kanuni ileile ilifaa mahali pamoja na kushindwa mahali pengine, na tofauti haikuwa katika ubora wa mchoro.

Walionifundisha zaidi, hata hivyo, ni kundi la Vienna lililoongozwa na Otto Neurath kuanzia miaka ya 1920, ambalo mfumo wake wa kuonyesha takwimu kwa alama za picha ulikuja kujulikana kwa jina la Isotype. Walikuwa na sheria moja ambayo bado naiona ikivunjwa kila siku: kiasi kikubwa kionyeshwe kwa kurudia alama, kamwe si kwa kuikuza. Ukitaka kuonyesha kwamba watu wameongezeka maradufu ukakuza umbo la mtu mara mbili kwa urefu, upana nao huongezeka mara mbili, eneo linakuwa mara nne, na msomaji anaondoka na habari ya uongo bila mtu yeyote kukusudia kumdanganya. Ukipanga maumbo mawili ya ukubwa sawa, hata asiyejua kusoma tarakimu atahesabu.

Hapo ndipo ninapoingia kwenye swali la kazi za kikundi, kwa sababu kundi lile liligawana kazi kwa namna ambayo sikuwahi kuifikiria. Kulikuwa na wataalamu wa takwimu; kulikuwa na Gerd Arntz, msanii aliyechora alama zenyewe; na katikati alikuwapo Marie Reidemeister, ambaye baadaye alikuja kuwa Marie Neurath, akiwa na kazi ya kugeuza takwimu kuwa wazo linaloweza kuchorwa. Yeye ndiye aliyekuwa akiamua kipi kionyeshwe, kipi kiachwe, na vitu vilinganishwe kwa mpangilio gani, kabla mchoraji hajaanza kuchora. Vikundi vya wanafunzi kwa kawaida huwa na wachoraji wengi na hukosa mtu wa kukaa hapo katikati.

Kazi yetu kubwa ya kikundi ilikuwa kijitabu cha maelekezo kwa wagonjwa wanaofika hospitalini kwa mara ya kwanza. Pendekezo la kwanza lilikuwa tugawane kurasa, kila mtu na zake, na ndilo linalotolewa karibu kila mara kwa kuwa linaonekana la haki. Nililipinga, kwa sababu kurasa zikigawanywa hivyo kila mtu hurudi na pambizo zake, rangi zake na ukubwa wake wa herufi, na siku za mwisho huishia katika kuzifananisha. Tukagawana majukumu: mmoja akahoji watu na kuandika maneno, mmoja akawa wa katikati, wawili wakachora, na mwingine akasimamia faili, yaani gridi moja, orodha ya rangi kwa namba zake, majina ya faili yanayofuata utaratibu, na mawasiliano na mchapaji. Jukumu hili la mwisho hakuna aliyelitaka, na kwa maoni yangu ndilo lililotuokoa, maana skrini huonyesha RGB, yaani mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, na mashine ya kuchapa hutumia wino wa CMYK, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi, na kijani chetu kilichong'aa kwenye skrini kilitoka kimefifia kwenye karatasi ya majaribio.

Ubishi ulikuwepo. Mwenzetu mmoja alitaka idara zitofautishwe kwa rangi pekee, nyekundu kwa moja na kijani kwa nyingine, na ukurasa wake kwa kweli ulipendeza. Hatukupiga kura. Tulichapa matoleo mawili, la pili likiwa na alama na jina kando ya kila rangi, tukawapa watu wasiotufahamu, tukawaomba watafute mahali pa kuchukulia dawa, huku sisi tukinyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, kwa sababu mtu akikwama unatamani kumweleza ulichokusudia. Mmoja wao hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani, hali ambayo si ya nadra, hasa kwa wanaume. Mwenye pendekezo aliona mwenyewe, akaongeza alama, na uhusiano wetu haukuharibika kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kazi yake ni mbaya.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kazi za kikundi usizikwepe, ila usikubali kuingia kabla majukumu hayajaandikwa. Omba hata mara moja lile la katikati, ingawa hutakuwa na mchoro wa kuonyesha. Ukiiweka kazi hiyo kwenye mkusanyo wa kazi zako, andika wazi ulichofanya wewe na walichofanya wenzako, na uambatanishe rasimu zilizokataliwa pamoja na sababu za kukataliwa kwake, kwa kuwa anayekagua mkusanyo huo hawezi kujua uamuzi wako ulikuwa upi kwa kutazama ukurasa uliokamilika peke yake.