Kruzi ya Mediterania au kuzunguka Ulaya kwa treni? Nimefanya zote mbili, haya ndiyo ninayokwambia

Mdogo wangu wa Jinja, mtoto wa mama mdogo, alinipigia juzi akauliza swali moja tu: dada, wewe ulienda Ulaya kwa meli halafu ukarudi tena ukazunguka kwa treni, sasa mimi nichague ipi? Tuliongea mpaka eataimu ikaisha na bado nikaona sijamaliza, ndio maana naandika hapa, maana najua si yeye peke yake. Watu wengi hapa Kampala siku hizi wanatumiwa yale matangazo ya kruzi kwenye WhatsApp, nchi tatu kwa wiki moja, chakula humohumo, kulala humohumo, na bei ukiiangalia haraka inavutia kweli.

Mara ya kwanza ilikuwa Mei 2023, mimi na mama yangu, usiku saba kwenye meli. Tulipandia Barcelona, tukapita Marseille, Genova, Livorno, Civitavecchia, Napoli, siku moja nzima baharini, halafu Barcelona tena. Mara ya pili Septemba 2024 na mume wangu, siku kumi na mbili, Venice, Firenze, Roma na kumalizia Napoli, yote treni.

Kabla hujagusa bei naomba ufanye kitu kimoja, chukua karatasi uhesabu masaa utakayokuwa na miguu yako mjini. Tangazo linakuhesabia miji, lakini mji na bandari yake ni vitu viwili. Wakikuandikia "Roma" meli inasimama Civitavecchia, na kutoka pale hadi Roma ni kama kilomita sabini na kitu, yaani kama umeshuka Jinja ukaambiwa umefika Kampala. Wakikuandikia "Firenze" unashukia Livorno, huko ni mbali zaidi hata.

Ngoja niwaambie siku yetu ya Livorno ilivyokuwa. Meli ilifunga gati saa moja asubuhi, lakini kutoka ndani ya meli na foleni za watu elfu kadhaa, kusubiri basi la kukutoa bandarini kwa sababu hawakuruhusu kutembea kwa miguu kati ya makontena, kwenda stesheni, kukata tiketi, treni yenyewe saa moja na dakika ishirini hivi, tulikanyaga Firenze saa tano kasoro. Na saa kumi na moja na nusu jioni kila mtu awe ndani, kama ulitoka kivyakovyako ukachelewa meli haikungoji, unajua mwenyewe utakavyoifuata bandari inayofuata. Kwa hiyo kuanzia saa nane mchana mimi moyo ulikuwa stesheni tayari. Masaa matatu tu. Mama goti linamsumbua, nikamtafutia pa kukaa kivulini, mimi nikapanga foleni ya kuingia lile kanisa kuu lenye kuba kubwa, foleni haiendi, naangalia saa, namwangalia mama, naangalia saa, mwisho nikatoka kwenye foleni. Kuba nimeliona kwa nje. Njia nzima ya kurudi nilikuwa kimya na mama akaniambia, mwanangu, si tumekuja? Tumekuja.

Mwaka uliofuata nilirudi palepale na mume wangu, tukalala usiku tatu kwenye gesti karibu na stesheni, tukabuki muda wetu wa kupanda kuba mapema, ngazi 463, unapanda njia nyembamba katikati ya kuta mbili zilizojengwa na msanifu Brunelleschi na mafundi wake, walimaliza 1436, na ukitokea juu mji wote wa vigae vyekundu uko chini yako mpaka kwenye vilima. Lakini hata hicho sicho ninachokikumbuka zaidi. Nakumbuka jioni, saa moja na nusu hivi, makundi ya watalii wa mchana yameshaondoka na mabasi yao, mji unapumua, watoto wanacheza mpira uwanjani, mzee mmoja anafunga duka lake la ngozi anatusalimia kama majirani. Ukiwa na kruzi hiyo jioni mara nyingi huipati, jioni ndio meli inaondoka.

Sasa mtu atasema basi kruzi ni hasara. Hapana, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Kwa mama yangu ile kruzi ilikuwa sahihi na ningeirudia kesho. Fungua begi mara moja tu, wiki nzima nguo zako ziko kabatini. Lifti kila mahali. Akichoka anarudi kulala wakati mimi nazunguka, chakula kipo muda wote. Kule kwenye treni mimi na mume wangu tulibeba mabegi ya kilo ishirini na tatu hadi ghorofa ya nne Venice, jengo la zamani halina lifti, na kabla ya hapo tumeyavusha kwenye madaraja ya ngazi, daraja baada ya daraja. Mama asingefika hata daraja la pili.

Na kulikuwa na vitu ambavyo hakuna mtu alituambia. Sisi ni watu wa Bombo, familia ya Kiislamu, mama hakosi swala. Hapa nyumbani kibla tunaijua tumefumba macho, kaskazini kidogo upande wa mashariki, kule iko kusini-mashariki, sawa, lakini meli inageuka! Unaswali adhuhuri umeelekea mlangoni, alasiri mlango uko upande mwingine kabisa. Kila mara natoa dira ya simu, na ile kabini yetu ilikuwa ya ndani haina dirisha, kwa hiyo mama akawa ananiita tupande juu deki kwanza aone jua liko wapi ndio ashuke atandike mswala. Na jua lenyewe, Mei kule linazama karibu saa tatu usiku, mtu amezoea magharibi yake ya saa moja maisha yake yote, siku ya kwanza akaniuliza kama saa yangu imeharibika. Chakula, bafe ilikuwa na kibao kwenye kila sahani, nguruwe anaandikwa, lakini nyama nyingine haikuwa halali, kwa hiyo wiki nzima ni samaki, mayai, mboga na wali. Ongea na meneja wa mgahawa siku ya kwanza, usisubiri ya tatu kama sisi, walikuwa wasikivu sana.

Mama pia alikuwa anaogopa maji, na simlaumu, sisi wa Ziwa Victoria tumeshazika watu. Alikuwa amesikia habari za Costa Concordia, ile meli iliyogonga mwamba pale kisiwa cha Giglio Januari 2012 wakafa watu 32. Kilichomtuliza ni mazoezi ya dharura ambayo abiria wote tulifanya kabla ya kuondoka, unaonyeshwa maboya na sehemu yako ya kukusanyika, na siku hizi sheria ya kimataifa inataka yafanyike kabla ya safari au mara tu meli inapoanza. Mkiwa na mzazi mwenye hofu mpelekeni akae mbele aone kila kitu.

Visa. Hii ndio inayotuumiza sisi wenye pasipoti ya Uganda kwa hiyo isome mara mbili. Visa ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, sasa ni euro 90 kwa mtu mzima, ilipanda kutoka 80 Juni 2024, ukibadilisha ni zaidi ya laki tatu na nusu zetu, na wakikukatalia hairudi. Mtoto wa miaka sita hadi kumi na moja analipa nusu. Unaombea nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, zikilingana unaombea ile unayoingia kwanza, na kwenye kruzi hapo watu huchanganyikiwa. Sisi Italia ilikuwa na bandari nne, lakini ndege ilitua Hispania na tukalala huko kwanza, kwa hiyo ilibidi tuhesabu siku moja moja.

Halafu angalia njia ya meli. Ejenti wetu wa kwanza alituuzia njia inayopita Tunis, akachukua na kishika nafasi, hakutuambia chochote. Ni rafiki yangu aliyeniuliza, visa yenu ni ya kuingia mara ngapi? Maana Tunisia iko nje ya Schengen, Uturuki pia, Montenegro pia, ukishatoka kwenda huko ile visa ya kuingia mara moja imekwisha, kurudi Barcelona huwezi. Tukabadilisha njia, kishika nafasi hatukukiona tena mpaka leo. Kwa hiyo kama visa unayoomba ni ya mara moja, chagua njia yenye Hispania, Ufaransa, Italia, Ugiriki, Malta, hata Kroatia maana waliingia Schengen Januari 2023. Au omba ya kuingia mara nyingi na uambatanishe ratiba ya meli waone kwa nini unaihitaji.

Bei nayo. Ile ya kwenye tangazo ni ya mtu mmoja kama mko wawili kabini, ukienda peke yako unaweza kulipishwa karibu mara mbili. Kuna pesa ya huduma, euro kumi na kitu kwa kila mtu kila usiku, inaingia yenyewe kwenye akaunti yako ya melini. Intaneti unalipia, soda unalipia, basi la kwenda mjini mara nyingi unalipia. Na simu weka hali ya ndege mara tu meli inapoacha bandari, usije ukaunganishwa na mtandao wa setilaiti wa meli, mzee mmoja Mkenya tuliyekaa naye meza moja alipiga simu Kisumu dakika chache tu na bili yake ilimkosesha raha siku mbili. Kwa treni gharama zake ni nyingine, kila mji tuliolala ulikuwa na kodi ya mgeni ya kila usiku, migahawa mingi ya Italia inakuwekea pesa ya kukaa mezani, na tiketi za treni za kasi ukikata mapema ni nafuu, ukikata siku hiyohiyo unalia. Mwisho wa hesabu safari zote mbili zilitugharimu karibu sawa kwa siku.

Bandari ambazo kruzi inakupa mji kweli zipo, Napoli ni mojawapo, unatoka melini unatembea, uko mjini, na treni ya kwenda Pompei ni kama dakika arobaini hivi. Genova hivyohivyo. Barcelona nayo bandari iko karibu na mji, ingawa mara nyingi unachukua basi kidogo. Ukiona njia yenye bandari za aina hiyo nyingi, kruzi inapanda thamani machoni mwangu.

Basi mdogo wangu nimemjibu hivi. Anakwenda na mama mkwe wake wa miaka sabini na kitu na watoto wawili, panda meli. Lakini asiende moja kwa moja bandarini, akae Barcelona usiku tatu kwanza, wapate hizo jioni, mama mkwe apumzike, halafu ndio meli. Angekuwa yeye na mumewe tu ningemwambia treni, miji mitatu isizidi, na mabegi madogo ya mgongoni. Na ndege lazima ifike angalau siku moja kabla. Sisi tulifika siku mbili kabla, begi la mama lenye dawa zake za presha likachelewa, likaletwa hotelini kesho yake jioni, na asubuhi yake tukapanda meli nalo.