Kukuza fuwele za shaba na adenini ukiwa Malindi

Ukitaka kuona kwa eksirei inayopigwa kwenye fuwele jinsi metali inavyoshika besi za DNA (zile "herufi" zake za kemikali), anza na adenini, mojawapo ya besi hizo, na shaba. Guanini, besi nyingine, iache kwanza: majini karibu haiyeyuki kabisa, utashinda unakoroga uji.

Pwani kinachoharibu kazi ni maji. Ya kisima yana chumvi, nayo yakikauka yanakuachia fuwele usizozitaka. Nunua maji ya betri, ila soma lebo vizuri usije ukabeba chupa ya asidi.

Pima adenini miligramu 27, itie katika mililita 30 za maji, pasha hadi nyuzi 60 au 70 mpaka chembe zote zipotee. Usipunguze maji, kwenye nyuzi 25 lita moja hubeba gramu moja tu. Kando, yeyusha miligramu 17 za kloridi ya shaba (ile yenye molekuli mbili za maji) katika mililita 5 za maji moto. Chuja vyote viwili vikiwa moto, kisha dondosha shaba tone kwa tone. Hapo una adenini mbili kwa kila shaba, uwiano wa changamano (shaba na adenini zilizoshikana) walilolieleza watafiti de Meester na Skapski mwaka 1971: shaba mbili zinatazamana, angstromu 3 hivi kati yao (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), na adenini nne zimezishika kwa atomi zao za nitrojeni namba 3 na namba 9.

pH (kipimo cha uasidi) ikishuka chini ya 4, adenini hunasa protoni na kuacha kushika shaba ipasavyo. Ukitia alkali nyingi, hidroksidi ya shaba huganda kama jeli ya samawati. Na maelekezo yenye pakloreti, chumvi zenye klorini na oksijeni nyingi, yapite tu. Chumvi hizo zikikauka huweza kulipuka.

Funika bika kwa karatasi ya foili, toboa matundu matatu kwa sindano, weka mbali na friji inayotetemeka. Wakati wa kusi hewa ni nzito, subira ya wiki kadhaa ni kawaida. Usitikise ukichungulia.

Chagua fuwele ya milimita 0.2 hivi. Itazame kwa darubini kati ya vioo viwili vya miwani ya polaroidi vilivyopishana mpaka giza. Kijichemraba kisichong'aa hata ukikizungusha ni chumvi ya mezani. Fuwele nzuri hung'aa, kisha huzima yote kwa pamoja kila nyuzi 90. Ikizima nusu nusu, ni mapacha walioshikamana, itupe.

Usiikaushe. Maji yaliyo ndani yake yakitoka, hupasuka. Isafirishe katika myeyusho wake, kichupa kikijazwa hadi shingoni kisichezecheze barabarani. Ikifika kwenye mashine ya eksirei, itoe moja kwa moja hadi kwenye tone la mafuta mazito.