Jagten: Lucas alihukumiwa ofisini kabla polisi hawajafika

Mkuu mleta mada, umeuliza mawili kuhusu Jagten, ile filamu ya Denmark ya 2012 ambayo wengi wanaijua kama The Hunt: kwa nini yule mwalimu Lucas anakaa kimya kama zoba wakati anasingiziwa kumchezea mtoto, na kama jambo lile linaweza kumkuta mwalimu wa huku Tanzania. Nafundisha shule ya msingi na kikao cha namna ile nimekikalia, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Ambaye hajaiona aishie hapa, maana naimwaga yote.

La kwanza nakupinga. Lucas hajakaa kimya. Anamuuliza Grethe, mkuu wa chekechea, ni mtoto gani kasema nini, na haambiwi. Anakwenda mpaka nyumbani kwa Theo, swahiba wake wa miaka yote na baba wa yule binti Klara, anaishia kutishiwa. Dukani wanampiga na kumtupa nje, naye anarudi, anamtwanga kichwa muuza nyama, anachukua vitu vyake na kuondoka. Zoba gani huyo? Upole wa uso wa Mads Mikkelsen umekudanganya (na ndio uliompa tuzo ya mwigizaji bora kule Cannes). Tatizo la Lucas ni kwamba anatakiwa ajibu tuhuma ambayo hajasomewa. Akisema "sikufanya", hata aliyefanya husema hivyohivyo. Akilia, anaigiza. Akifoka, basi ndiyo tabia yake aliyokuwa anaificha.

Halafu naona wachangiaji wengi wamemkasirikia Klara. Jamani, yule ni mtoto wa chekechea. Lucas kamkanya asimbusu mdomoni na kamrudishia kile kimoyo alichomtengenezea, mtoto kanuna. Kabla ya hapo kaka yake na rafiki wa kaka walimpitishia picha chafu usoni huku wakicheka, na maneno aliyoyasikia siku ile ndiyo anayoyarudia kwa Grethe. Hapo bado hakuna kesi. Kesi inaundwa pale Grethe anapomleta mwanamume mmoja ofisini amhoji mtoto. Klara anataka akacheze nje. Maswali yanakuja na majibu ndani yake, mtoto anakubali kwa kichwa ili yaishe. Baadaye anamwambia mama yake kwamba alisema upuuzi tu, Lucas hakumfanya kitu. Mama anamjibu kwamba huenda akili yake haitaki kukumbuka. Yaani akisema ndiyo, ni ushahidi. Akisema hapana, nao ni ushahidi! Wakija kuulizwa watoto wengine, wanaeleza vizuri kabisa chumba cha chini kwenye nyumba ya Lucas, na nyumba ile haina chumba cha chini.

Usidhani mwandishi kazidisha chumvi. Kule Manhattan Beach, California, mwaka 1983, polisi waliwaandikia barua wazazi wapatao 200 wa shule ya awali ya McMartin, wakimtaja mtuhumiwa kwa jina na kuwaomba wawahoji watoto wao nyumbani kama wamefanyiwa mambo fulani, yakatajwa moja moja. Mzazi gani angelala usiku ule? Baada ya mahojiano ya mamia ya watoto yakaibuka mpaka madai ya mahandaki chini ya shule. Kesi ikaisha 1990 bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani, wakati mshtakiwa mkuu ameshakaa mahabusu miaka mitano.

Sasa ya kwetu. Shule siitaji na mkoa siutaji. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa hisabati, mtu wa kuongea kwa sauti ya chini mpaka wanafunzi wa nyuma wanalalamika, alituhumiwa kuwashikashika mabinti wa darasa la nne. Ofisini kauli ya kwanza niliyoisikia ni "lisemwalo lipo, kama halipo laja", na hiyo ikawa ndiyo upelelezi wetu. Wazazi wakaitwa, tuhuma zikasomwa kwa sauti, mwenzetu akaambiwa akae pembeni kupisha uchunguzi.

Mimi nilikuwa katibu wa kikao, maelezo ya watoto yakapitia mikononi mwangu. Karatasi nne za daftari. Zote nne zina sentensi ileile, "alinishika bila lidhaa yangu", na zote nne zimeandika ridhaa kwa L. Nikauliza yaliandikiwa wapi. Dawati moja, mwalimu wa zamu amesimama pembeni yao, wa kwanza kaandika na wenzake wakanakili. Mtoto wa darasa la nne ridhaa kaitoa wapi? Nilisema palepale kikaoni na nikaonekana namlinda mwenzangu.

Kilichosaidia ni askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Aliongea na kila binti peke yake na alianza kwa kusema, "Niambie siku yenu darasani inavyokwenda." Hakumtaja mwalimu. Yakaja mengi ya kuchapwa na kufinywa sikio, tena na walimu wengine, lakini la kushikwa halikuja kwa yeyote. Mwenzetu alirudishwa kazini kwa barua, barua ikaingia kwenye faili lake. Tuhuma tuliwasomea wazazi wote uwanjani. Barua hakusomewa mtu. Muhula uliofuata aliomba uhamisho, na mama wa jirani yangu mpaka leo anamwita "yule wa watoto".

Kwa hiyo ndiyo mkuu, linatokea huku, na kisheria lina uzito zaidi ya unavyodhani. Sheria yetu ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono, hata ukiwa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Tangu marekebisho ya 2016 mtoto wa umri mdogo anaahidi tu mahakamani kusema kweli na kutosema uongo. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, maana makosa haya hufanyika faraghani na shahidi wa pili utampata wapi? Ila ndiyo sababu aliyemuuliza mtoto mara ya kwanza, na namna alivyouliza, ni jambo zito. Iceland walianza mwaka 1998 na Barnahus, nyumba maalumu ambako mtoto anahojiwa na mtaalamu mmoja, wahusika wengine wakifuatilia kutoka chumba kingine, na mahojiano yanarekodiwa. Denmark yenyewe ilifungua nyumba kama hizo 2013. Huku mtoto anasimulia kwa mwalimu wa zamu, kwa mkuu wa shule, kwa mama, kwa shangazi, kwa mtendaji, ndipo afike polisi.

Kuna mchangiaji kasema filamu hii inafundisha watu wasiwaamini watoto. Huyo atafute Festen ya 1998, ya mwongozaji huyohuyo, Thomas Vinterberg. Kijana anasimama kwenye sherehe ya baba yake kutimiza miaka 60, anasema mbele ya wageni alichofanyiwa na baba huyo utotoni. Ni kweli tupu, na wageni wanaendelea kula. Mimi ningeanza na hiyo, ndipo nije kwenye Jagten, na zote mbili nisiziangalie na watoto sebuleni.